Uzi maalumu wa John Prine: nyimbo zake, albamu zake na pa kuanzia

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kila uzi wa kantri ukifunguliwa humu majina ni yale yale: Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton, Don Williams. Wote nawakubali, na Don Williams nampenda kupita kiasi. Sasa wenye albamu yake ya Yellow Moon ya 1983 wanaufahamu wimbo Love Is on a Roll, ule uliofika namba moja kwenye chati ya kantri ya Marekani mwaka huo. Umetungwa na watu wawili, Roger Cook na John Prine. Huyo wa pili ndiye ninayemfungulia uzi leo. Wengi wetu tumeimba maneno yake miaka nenda rudi bila kumjua, na mimi naamini kwa upande wa utunzi hakuna aliyempita katika kizazi chake.

Amezaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 Maywood, kitongoji cha Chicago. Wazazi wake walitoka kaunti ya Muhlenberg, jimbo la Kentucky, wakahamia kaskazini kufuata kazi za viwandani. Kaka yake Dave ndiye aliyemfundisha gitaa akiwa na miaka 14. Alipoitwa jeshini wenzake wengi walikuwa wanapelekwa Vietnam, yeye akapangiwa Ujerumani Magharibi kwenye karakana ya magari. Aliporudi akaajiriwa posta, kazi ya kugawa barua nyumba kwa nyumba. Nyimbo kadhaa ambazo leo zinafundishwa kama mfano wa utunzi bora alizitunga kichwani akiwa anatembea na mfuko wa barua begani. Njia ukishaizoea miguu inajua kona zote, kichwa kinabaki huru.

Mwaka 1970 akaanza kuimba kwenye klabu ndogo ya Chicago iitwayo Fifth Peg. Roger Ebert, ambaye kazi yake kwenye gazeti la Chicago Sun-Times ilikuwa kuandika kuhusu filamu, akamsikia usiku mmoja, akaandika makala kuhusu mgawa barua anayeimba. Mwaka uliofuata rafiki yake Steve Goodman, naye mtunzi mkubwa, akamburuta Kris Kristofferson, mwimbaji na mtunzi wa kantri, aje amsikilize. Walifika usiku umekwenda, viti vimeshageuzwa juu ya meza, klabu inafungwa. Prine akaimba mbele ya watu wachache tu, na alipomaliza Kristofferson akamwomba azirudie nyimbo zote. Haukupita muda Kristofferson akampandisha jukwaani New York, na kwenye ukumbi alikuwepo Jerry Wexler wa lebo ya Atlantic. Siku ya pili yake Prine akawekewa mkataba mezani.

Albamu ya kwanza ilitoka 1971 na inaitwa kwa jina lake tu, John Prine. Ina nyimbo 13, karibu zote zimerekodiwa Memphis, prodyuza akiwa Arif Mardin. Kwa maoni yangu mtu akiisikiliza hii peke yake na asisikilize nyingine yoyote, atakuwa ameshamjua Prine. Kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Chukua Hello in There. Anayezungumza ni mzee, yeye na mkewe wamebaki wawili ndani. Watoto wamekwenda zao: wawili wapo Omaha, mmoja yupo barabarani huko asikojulikana, na Davy alipotea kwenye vita vya Korea. Mzee anawaza kumpigia simu Rudy aliyekuwa akifanya naye kazi kiwandani. Halafu anajiuliza, Rudy akiuliza habari mpya nitamwambia nini? Hana la kumwambia. Ubeti unaishia hapo. Prine hakutafuta maneno mazito ya upweke. Alimpa mzee simu mkononi na akamnyima habari za kueleza. Utotoni alikuwa akipeleka magazeti kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na baadhi ya wazee walikuwa wanajifanya yeye ni mjukuu wao aliyekuja kuwatembelea. Alipoandika wimbo huu alikuwa bado hajafika miaka 25.

Sam Stone ndio unaoniumiza zaidi. Askari anarudi kutoka Vietnam na nishani, goti lina vipande vya chuma, na mofini aliyopewa kutuliza maumivu imeshamkamata. Wimbo haupigi kelele kuhusu serikali hata mara moja. Unaonyesha watoto wanazunguka mtaani na nguo za watu wengine, na kiitikio kinaimbwa kwa jicho la mtoto, anayeona tundu kwenye mkono wa baba na fedha zote za nyumbani zinaingia humo. Nyuma yake kuna organi inayolia kama ya kanisani. Kuna mstari unaomtaja Yesu ambao Johnny Cash alipouimba wimbo huu aliubadilisha, kwa kuwa imani yake haikumruhusu kuutamka ulivyo. Mimi nautetea mstari ule. Anayesema pale ni mtoto aliyekata tamaa, na mtoto wa namna hiyo huwezi kumpangia cha kusema.

Paradise aliuandika kwa ajili ya baba yake. Paradise ulikuwa mji mdogo wa kweli kando ya mto Green huko Muhlenberg, alikokuwa akipelekwa likizo utotoni. Kampuni ya Peabody ilifukua ardhi ya eneo lile kwa koleo la mashine kubwa kabisa ili kupata makaa ya mawe. Jirani kukajengwa mtambo wa umeme, majivu yakawa yanawaangukia wakazi, na mwaka 1967 mji ukabomolewa. Wimbo ulipoenea, kampuni ilichapisha kijitabu kujibu hoja za wimbo. Hebu fikiria, kampuni nzima ya makaa inajibizana na kijana mwenye gitaa! Fidla inayosikika mle ni ya kaka yake Dave. Prine alipompelekea baba yake kanda ya wimbo, mzee alihamia chumba cha pili akakaa gizani kusikiliza. Alipoulizwa sababu alisema alitaka ajione kama anausikia kwenye sanduku la muziki la baa. Alifariki 1971, albamu ikiwa haijatoka.

Nipumzike hapa. Karibuni mchangie, nitaendelea na albamu nyingine.

Mchangiaji, Nakuru

Shukran sana kwa huu uzi. Huku kwetu kantri ni chakula cha kila wikendi, tuna mpaka waimbaji wetu kama Sir Elvis, na bado huyu Prine nilikuwa sijamfuatilia. Nimesikiliza hizo tatu ulizotaja. Hello in There nimeurudia, mzee wangu alikuwa ameketi kando akaniuliza ni nani huyo anaimba. Hakusema kitu kingine lakini hakuondoka.

Swali langu, kwa nini hakuwa maarufu kama kina Kenny Rogers ikiwa anaandika hivi?

Mleta uzi

Karibu sana ndugu yangu, na mzee mpe salamu zangu.

Nyimbo zake zilifika mbali, sema zilifika kwa midomo ya wengine. Huo wa Don Williams nimeutaja. I Just Want to Dance with You, ambao pia alitunga na Roger Cook, ulikuwa kwenye albamu yake ya German Afternoons ya 1986. George Strait akauimba, ukafika namba moja mwaka 1998. Paradise umeimbwa na John Denver, umeimbwa na Everly Brothers ambao ukoo wao ni wa huko huko Muhlenberg. Halafu kuna You Never Even Called Me by My Name aliotunga pamoja na Goodman. Prine alikataa jina lake lisiandikwe kwa sababu aliona wimbo unawakejeli watu wa kantri. David Allan Coe akauimba, 1975 ukawa moto, na Goodman kwa shukrani akamnunulia Prine sanduku la muziki la kupigia santuri. Urafiki wa hawa wawili unastahili uzi wake.

Jambo la pili ni kwamba hakukubali kuendeshwa. Baada ya albamu saba na lebo kubwa, nne za mwanzo Atlantic na tatu Asylum, aliachana nazo. Mwaka 1981 yeye na meneja wake Al Bunetta wakaanzisha lebo yao, Oh Boy Records. Santuri waliuza kwa kutumia posta. Mgawa barua wa zamani, nyimbo zake zikawa zinaletwa mlangoni na wagawa barua. Leo kila msanii anajivunia kujitegemea, lakini miaka ile uamuzi kama huo ulionekana ni kujizika.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu naheshimu uchambuzi wako, ila niseme ukweli wangu: sauti yake ni ngumu kuizoea. Nimecheza albamu ya 1971 nikaona anaimba kupitia puani. Halafu nikakutana na wimbo wake wa miaka ya karibuni nikadhani ni mtu mwingine kabisa.

Mleta uzi

Umesikia vizuri kabisa, na kuna sababu.

Mwanzoni mwa 1998 alifanyiwa upasuaji wa kansa ya shingo. Kipande cha shingo kiliondolewa, akapigwa mionzi, kichwa kikabaki kimeinama upande. Sauti ikashuka chini na kuwa ya mikwaruzo. Ilibidi nyimbo zake za zamani azishushe ufunguo ili aweze kuziimba, na alisema kufanya hivyo kulimfanya azione mpya. Mwaka 2000 akatoa Souvenirs, ambamo amezirekodi upya nyimbo zake za zamani. Mwaka 2013 akapatwa na kansa nyingine, safari hii kwenye pafu la kushoto, likakatwa sehemu. Akafanya mazoezi, akarudi jukwaani.

Nakuomba ufanye hivi. Sikiliza Hello in There ya 1971, kisha Hello in There ya kwenye Souvenirs. Ya kwanza ni kijana anamhurumia mzee. Ya pili mzee anajisemea mwenyewe. Maneno hayajabadilika hata moja. Ukimaliza njoo unieleze kama sauti ile bado inakukera.

Sasa albamu nyingine. Diamonds in the Rough ya 1972 ni kavu, magitaa na mandolini, nzuri kwa asiyependa mapambo. Sweet Revenge ya 1973 ina bendi na ina ucheshi mwingi. Common Sense ya 1975 ilitayarishwa na Steve Cropper, yule mpiga gitaa wa Memphis; tarumbeta zimekuwa nyingi mpaka mashairi yanazama. Siipendi. Pink Cadillac ya 1979 walirekodi kwenye studio ya Sam Phillips na wanawe, ni roki ya kizamani, maneno huyasikii vizuri. Kwa mtunzi wa aina yake hilo ni kosa kubwa.

Katikati ya hizo mbili kuna Bruised Orange ya 1978, prodyuza ni Goodman mwenyewe. Sikilizeni wimbo uliobeba jina la albamu. Prine alipokuwa kijana alikuwa na kibarua cha kufagia theluji kanisani. Asubuhi moja ya Jumapili mtoto mmoja mtumishi wa altareni alikuwa anatembea kwenye reli, treni ikamgonga. Kina mama kadhaa wa mtaa ule hawakujua watoto wao wako wapi, wakasimama wanasubiri kuambiwa ni wa nani. Akatajwa mmoja, na wale wengine wakashusha pumzi, hawakujua wamshikeje mwenzao. Prine alikaa na jambo lile miaka. Alipolitungia wimbo hakuandika wimbo wa kilio. Kiitikio chake kinachangamka, kinazungumzia hasira inavyoweza kumfunga mtu kwenye mnyororo wa huzuni aliousuka mwenyewe. Nikiambiwa nichague wimbo mmoja tu wa Prine, nitachukua huo.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Kaka asante kwa uzi. Mimi nimemjua Prine kupitia Bonnie Raitt, ule wimbo Angel from Montgomery. Kwa miaka yote nilijua umetungwa na mwanamke. Mume anarudi jioni kutoka kazini hana hata neno la kusema, nzi wanalia jikoni, mama amekaa anajiuliza maisha yamekwendaje. Nikipiga picha naona jiko la jirani yangu. Kijana wa kiume alijuaje haya?

Mleta uzi

Dada yangu, umeugusa wimbo ambao hata yeye mwenyewe aliulizwa sana habari zake.

Rafiki yake mmoja alimwomba atunge wimbo mwingine wa wazee baada ya Hello in There. Akamjibu kwamba kuhusu wazee ameshasema aliyonayo. Lakini wazo likabaki, akamfikiria mwanamke wa umri wa kati anayejiona mzee kuliko miaka yake. Ndiyo maana mstari wa kwanza kabisa, kwa sauti ya mwanaume, unatamka kwamba mimi ni mwanamke mzee. Hakutafuta njia ya kuzunguka. Bonnie Raitt aliurekodi 1974 kwenye albamu yake Streetlights na akaendelea kuuimba miaka yote, mara nyingine wawili hao pamoja jukwaani.

Ninavyoona mimi, posta ilimfundisha. Mgawa barua anafika kwenye mlango wa kila mtu mchana, saa ambazo waume wapo kazini. Anamwona nani anasubiri barua na nani hasubiri kitu. Hakuingia ndani ya nyumba zile, lakini aliziona kwa karibu kuliko wengi wetu tunavyoona za jirani.

Na ukitaka Prine aliye na mwanamke wa kujibizana naye, tafuta In Spite of Ourselves ya 1999. Ni albamu ya nyimbo za kantri za zamani akiimba na kina Emmylou Harris, Lucinda Williams, Patty Loveless na wengine. Wimbo wake mwenyewe ni ule wa jina la albamu, anaimba na Iris DeMent. Mume na mke wanasimuliana kasoro zao za chumbani mpaka jikoni, bila aibu, na mwisho wa yote unaona wanapendana kwelikweli. Ndoa nyingi zinafanana zaidi na wimbo ule kuliko na nyimbo zetu za harusi.

Mchangiaji, Nakuru

Na albamu zake zilizopata tuzo ya Grammy ni zipi? Halafu nilisikia alikufa kwa corona?

Mleta uzi

Ndiyo. Alifariki tarehe 7 Aprili 2020 Nashville kwa Uviko-19, akiwa na miaka 73.

Albamu zilizompa Grammy ni The Missing Years ya 1991 na Fair & Square ya 2005. The Missing Years ilitayarishwa na Howie Epstein, mpiga besi wa Tom Petty, na ndiyo iliyomrudisha kwa watu baada ya ukimya wa miaka mitano. Ndani yake kuna All the Best, wimbo wa mtu aliyeachwa anayejitahidi kumtakia mwenzake heri na maneno yanakataa kutoka sawasawa. Baada ya hapo ikaja Lost Dogs and Mixed Blessings ya 1995. Humo msiupite Lake Marie, nusu anasimulia na nusu anaimba, ndoa inavunjika kando ya ziwa moja mpakani mwa Illinois na Wisconsin. Bob Dylan aliutaja kati ya nyimbo zake anazozipenda za Prine.

Albamu ya mwisho ni The Tree of Forgiveness ya 2018. Ilifika namba 5 kwenye chati kuu ya albamu ya Billboard, juu kuliko yoyote aliyowahi kutoa, naye ana miaka 71. Mle kuna Summer's End. Video yake inaonyesha familia iliyofiwa kwa sababu ya dawa za jamii ya afyuni, na mtu anayemjua Sam Stone atashtuka: miaka 47 imepita na jeraha ni lile lile, limehama tu kutoka kwa askari hadi kwa raia. Wimbo wa mwisho, When I Get to Heaven, anapanga atakavyofika mbinguni. Atamshika Mungu mkono, atafungua klabu iitwayo Mti wa Msamaha, humo atawasamehe wote waliomkosea, atavuta sigara ya urefu wa maili tisa kwa sababu duniani madaktari walimkataza. Kisha atawatafuta mama na baba yake. Nilipousikia 2018 nilicheka. Kuanzia Aprili 2020 nimeshindwa kuusikiliza bila machozi na sioni haya kusema.

Baada ya kifo chake ukatoka I Remember Everything, ukapata Grammy mbili mwaka 2021. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa kwenye mto Green kule Kentucky, sawasawa na alivyoomba kwenye Paradise akiwa kijana.

Mchangiaji, Arusha

Nimerudi. Nimezisikiliza Hello in There zote mbili kama ulivyoniagiza. Ya mwaka 2000 imenishika, sina ubishi tena kuhusu sauti, ya 1971 bado naiona ya puani. Sasa mimi napigapiga gitaa, nianze na wimbo gani wa kujifunza?

Mleta uzi

Anza na Paradise. Kodi (sauti za nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja) ni tatu tu, D, G na A, na mwendo wake ni wa moja-mbili-tatu. Usitumie kipande cha kukwaruzia, tumia vidole. Kidole gumba kinashika besi na hakisimami hata sekunde, vidole viwili vinavyofuata vinaokota nyuzi za juu. Ni upigaji wa Merle Travis, naye mtoto wa Muhlenberg. Prine hakuwa fundi sana wa gitaa na nyimbo zake nyingi zinazunguka kwenye kodi hizo hizo tatu nne, akihamisha tu kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi kwenye shingo ya gitaa. Ugumu utauona kwenye kuimba huku gumba linaendelea, kwa hiyo wiki ya kwanza usiimbe. Gumba likishajiendesha lenyewe, ongeza ubeti wa kwanza polepole.

Ukishaumudu nenda Angel from Montgomery. Hello in There iache kwanza, ile ina kodi nyingi za kupita na itakukatisha tamaa. Ukikwama popote andika hapa, napita kwenye uzi kila jioni nikitoka kazini.